Samaki wa Duluth na Maji ya Buluo

Mama anayekaanga ndizi kwa mawese kando ya soko la Kikula ana esta kwenye kikaango. Fundi anayezimua vanishi kabla ya kuipaka kwenye kitanda ana esta ndani ya kopo. Kandambili laini zilizopangwa juu ya turubai huenda zimelainishwa kwa esta, na dawa iliyomo kwenye chandarua cha mbu nayo mara nyingi ni esta. Hizi zote ni familia moja: asidi moja na alkoholi moja zikishikana na kutoa maji, kinachobaki ni esta. Mawese tunalia bukari, yaani ugali. Dawa ya chandarua ikiingia katika kidimbwi cha samaki, kiasi kisichoonekana kwa jicho kinatosha kumaliza kila kitu. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama esta ni sumu kwa samaki, namrudishia swali: esta gani, na katika maji ya wapi?

Swali la pili ndilo gumu, na ndilo linaloifanya Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, mahali pazuri pa kuliulizia. Mji huu uliitwa Jadotville hadi mwaka 1966, na tangu mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kimekuwa kikitoa shaba kwa asidi na umeme. Kikula ni moja ya komini zake nne, pamoja na Likasi yenyewe, Panda na Shituru. Maji ya mji huu hutelemka kwa mito kama Panda na Buluo, huingia Lufira, kisha hutulia katika ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la umeme la Mwadingusha la mwaka 1930. Ziwani humo wavuvi huvua tilapia na kambale, na samaki hao hurudi sokoni mjini. Chochote kilichoteremka na maji kina njia ya kupanda tena kwa baiskeli na kwa lori.

Esta zenyewe ziliingia kwenye madini ya Katanga zamani kuliko wengi wanavyodhani, tena kwa mlango wa jikoni. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye shaba, halipendi kushikwa na dawa za kawaida za kuelea, yaani za kuinua madini kwa povu. Wahandisi wa kampuni ya madini ya Union Minière walitumia mawese. Waliyavunja kwanza, maana mawese ni esta ya gliseroli na asidi za mafuta. Zikiachana, asidi hizo huwa karibu sawa na sabuni. Upande mmoja hushika jiwe, upande mwingine hukimbia maji na kushika povu, na jiwe la kijani hupanda juu pamoja na mapovu huku mchanga ukibaki chini. Teknolojia ya jiko la bibi ikalisha viwanda vya Ulaya shaba. Nalipenda jambo hili kwa sababu linaondoa mapema wazo kwamba kemikali ya kiwandani ni kitu kilichotoka sayari nyingine.

Kwa madini ya salfidi hutumika zantheti, chumvi ambazo nazo kimuundo ni alkoholi iliyoungwa na asidi, safari hii asidi yenye salfa. Ukiingia katika mitambo ya kisasa ya asidi utakutana na nyingine zaidi. Shaba iliyoyeyuka katika asidi huchujwa kwa mafuta ya taa yaliyotiwa dawa inayoishika. Baadhi ya dawa hizo huongezewa esta yenye matawi mengi ili shaba iachiliwe kwa urahisi baadaye. Katika kusafisha kobalti na kuondoa zinki hutumika sana dawa inayojulikana kwa herufi D2EHPA, ambayo ni esta ya asidi ya fosforasi. Mafuta na maji huchanganywa, huachwa yatulie, hutenganishwa. Hayatengani kabisa. Matone madogo ya mafuta huondoka na maji, na makumi ya miligramu katika kila lita si jambo la ajabu. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudishwa kwenye mzunguko, kwa kuwa asidi ni ghali na dawa ni ghali zaidi. Lakini hakuna mzunguko usiovuja, na tope la mwisho lina pa kwenda.

Pipa la dawa kama hizo hufika likiwa na karatasi ya usalama. Katika karatasi hiyo kuna sehemu ya mazingira, na katika sehemu hiyo kuna namba: kiwango kinachoua nusu ya samaki kwa saa 96, kiwango kinachowazuia nusu ya dafnia, vijidudu wadogo wa majini, kuogelea kwa saa 48, na kiwango kinachopunguza ukuaji wa mwani kwa nusu katika saa 72. Mfumo wa kimataifa huzigawa namba hizo kwa mistari mitatu. Kinachoua kwa miligramu 1 katika lita au chini yake kiko daraja la kwanza. Hadi 10, la pili. Hadi 100, la tatu. Ile picha ya mti mkavu na samaki aliyelala chali huwekwa kwa daraja la kwanza la sumu ya haraka, na kwa madaraja mawili ya juu ya sumu ya muda mrefu. Daraja la pili na la tatu la sumu ya haraka hayapewi picha. Mwenye ghala anayesema, "Pipa hili halina samaki, basi ni salama," amesoma picha tu, hajasoma karatasi.

Namba zenyewe hutoka wapi? Nyingi za zile za msingi zilizaliwa Duluth, mji wa Minnesota kando ya ziwa Superior, ambako serikali ya Marekani ilifungua maabara ya ubora wa maji mwaka 1967. Hapo walifuga samaki mdogo wa Amerika Kaskazini, Pimephales promelas, wakamjaribu kwa kemikali za viwandani zaidi ya 600, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uleule na katika maji yaleyale. Kazi ya kuchosha, na bila hiyo tungekuwa tunabahatisha hadi leo.

Tazama esta za asidi ya siki, zile zinazonukia kwenye vanishi na gundi. Etili asetati, yenye mkia wa kaboni mbili, iliua nusu ya samaki kwa karibu miligramu 230 katika lita. Propili asetati, kaboni tatu, karibu 60. Butili asetati, kaboni nne, 18. Heksili asetati, kaboni sita, 4 na kitu. Kila mkia unaporefuka, esta inazidi kupenda mafuta na kuyachukia maji, na mwili wa samaki kwake ni mafuta yaliyozungukwa na maji. Wanakemia hupima tabia hiyo kwa kutikisa kemikali katika chupa yenye maji na oktanoli, kisha kuangalia imekimbilia upande upi. Namba inayotoka hapo peke yake hukisia sumu kwa usahihi wa kushangaza, na ndiyo iliyoiwezesha Marekani kujenga programu ya kukisia sumu ya kemikali mpya ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu kwa samaki. Sheria yao ya mwaka 1976 haikuwalazimisha wenye viwanda kuleta majaribio kamili kabla ya kutengeneza kitu kipya. Ilibidi mkaguzi akisie kwa kutazama umbo la molekuli.

Hapa ndipo esta zilipojitenga. Butanoli ni alkoholi ya kawaida inayopenda mafuta karibu sawa na etili asetati. Kwa kanuni hiyo tu, zingeua kwa kiwango kinachokaribiana. Lakini butanoli ilihitaji karibu miligramu 1,700 kumaliza nusu ya samaki walewale, na etili asetati 230. Tofauti ni zaidi ya mara saba. Ndiyo sababu esta zikapewa mstari wao katika programu, tofauti na ule wa kemikali zinazolewesha samaki tu, kama butanoli. Maelezo yanayoaminika ni kwamba samaki huivunja esta mwilini, na uvunjaji huo una gharama, lakini wataalamu bado hawajakubaliana gharama hiyo inalipwa vipi hasa.

Na hata mstari huo wa esta haufai kwa kila esta. Etili akrileti, inayotumika kutengenezea rangi na plastiki, iko karibu na propili asetati kwa kupenda mafuta, lakini iliua kwa miligramu 2 na nusu, kwa sababu sehemu yake ya asidi hushambulia protini moja kwa moja. Mkaguzi akiitia kwenye kapu la asetati amekosea zaidi ya mara ishirini kabla hajaanza hesabu. Kazi ya kutathmini huharibika mara nyingi hapo mwanzoni kabisa, katika kuchagua kapu. Hesabu zenyewe huwa sahihi.

Kosa la upande wa pili hutokea kwa ftaleti, esta zinazolainisha plastiki. Yenye mikia mifupi huua samaki kwa makumi ya miligramu. Yenye mikia ya kaboni nne kwa karibu miligramu 1. Ukiendelea na mstari huohuo hadi ile yenye kaboni nane kila upande, iliyo maarufu kuliko zote, programu itakuambia ni sumu ya kutisha. Samaki akiwekwa humo, hafi. Sababu ni kwamba kemikali hiyo haiyeyuki: maji hubeba maikrogramu chache tu za hiyo katika lita, na kiasi hicho hakitoshi kuua kwa siku nne. Hapo namba ya saa 96 haisemi lolote, na swali sahihi ni la miezi na miaka: inakaa wapi, inaliwa na nani kwenye tope la chini, inafanya nini kwa mayai. Jibu la "haina sumu" kwenye karatasi ya usalama mara nyingi maana yake ni "haikuyeyuka."

Esta za vyandarua, yaani deltamethrini na wenzake, zinafundisha jambo jingine. Deltamethrini huua samaki wengi kwa chini ya maikrogramu 1 katika lita. Binadamu analala chini yake kila usiku na kuamka. Sote wawili, samaki na mtu, tuna vimeng'enya vya kukata esta, lakini vyetu hukata haraka na vya samaki ni vizito mno, huku mfumo wake wa neva ukiwa dhaifu zaidi mbele ya dawa hiyo. Wanaovua kwa vyandarua vyenye dawa katika maziwa ya ukanda wetu huzungumziwa sana kwa sababu ya matundu madogo yanayokamata vifaranga. Ni kweli, lakini chandarua kipya kikizamishwa kwenye maji machache yaliyotuama, dawa yenyewe nayo ni hoja.

Sasa turudi Buluo, maana mpaka hapa samaki wetu wengi wamekufa katika maji ya ziwa Superior. Maji yale ni safi, laini, yenye pH ya saba na nusu hivi, hayana shaba ya kutaja. Maji yanayotoka Likasi yana historia nyingine. Mwaka 2010, Katemo Manda na wenzake walichapisha katika jarida la Tropicultura uchunguzi wa bonde la Lufira ya juu. Walitafuta shaba, kobalti, zinki, risasi, kadimi, urani, vanadi na aseniki katika mlolongo wa chakula, kuanzia mazingira hadi viumbe. Mwaka uliotangulia, Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Benoit Nemery wa Leuven na wenzao walionyesha kuwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana kwenye mkojo. Metali ndizo zilizofuatiliwa, na kwa haki: zinadumu, zinapimika, zinadhuru. Dawa za mafuta na esta zilizopita kwenye mabomba yaleyale hazikupewa nafasi ya aina hiyo katika tafiti hizo.

Je, namba ya Duluth inasafiri hadi hapa bila kuharibika? Mimi nasema haisafiri, na nina sababu tatu.

Ya kwanza ni pH. Esta huvunjwa na maji yenyewe, na kasi hutegemea asidi na chokaa. Etili asetati katika maji ya pH 7 huhitaji takriban miaka miwili ili nusu yake ivunjike kwa njia hiyo pekee. Kwa pH 9, ni wiki moja. Kiwanda kinachozima asidi yake kwa chokaa nyingi kinaweza, bila kukusudia, kuwa kinasafisha baadhi ya esta zake. Kinachoacha maji yakiwa machachu kidogo kinazihifadhi. Esta ya fosforasi kama D2EHPA haifuati hilo: haivunjiki kirahisi, na pH ikipanda inaweza kugeuka kuwa kitu kinachofanana na sabuni na kuyeyuka vizuri zaidi. Maji yaleyale yanayomwondoa ndugu mmoja yanamfungulia mwingine mlango.

Ya pili ni bakteria. Esta nyingi za kawaida huhesabiwa kuwa nafuu kwa sababu bakteria huzila. Kipimo kinachokubalika huipa kemikali siku 28 katika chupa yenye bakteria wenye afya, na ikipoteza asilimia 60 kwa kasi inayotakiwa hupewa sifa ya kuoza haraka. Sifa hiyo huandikwa kwenye karatasi na kupunguza daraja la hatari ya muda mrefu. Bakteria wa kwenye chupa hawajawahi kuishi kwenye tope lenye shaba, metali ambayo watu wameitumia zaidi ya karne moja kuulia ukungu na vijidudu. Huenda wa Buluo wamezoea. Viumbe hao huzoea mengi. Lakini kudhani tu kwamba esta itaoza Likasi kwa siku ileile iliyooza kwenye maabara ya Ulaya ni kuwatumikisha wafanyakazi ambao hatujawahi kuhakikisha kama wako hai.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Mwaka 1986, watafiti wawili wa Sweden walichapisha majaribio waliyofanya kwa matamvua ya samaki aina ya trauti. Walipitisha maji yenye kadimi, kisha maji yenye kadimi pamoja na zantheti za migodini. Palipokuwa na zantheti, kadimi iliingia kwenye matamvua kwa wingi zaidi. Maelezo yake hayana uchawi: zantheti hutengenezwa makusudi ili ishike metali na kuifanya ikimbie maji ishike povu. Utando wa tamvua una mafuta. Metali iliyovikwa koti hilo hupita mahali ambapo ingekwama ikiwa uchi. Sifa inayoifanya dawa iwe nzuri kiwandani ndiyo inayoifanya mbaya mtoni, na sifa hiyo haionekani ukimjaribu samaki kwa zantheti peke yake katika maji safi. Jaribio lile lilikuwa la kadimi, si la shaba wala kobalti, nami sitaki kulivuta kupita urefu wake. Linatosha kuonyesha kwamba kujumlisha namba mbili za karatasi mbili si tathmini ya maji yenye vitu vyote viwili.

Wakaguzi wanajua kwamba hawajui yote, ndiyo maana huchukua namba ndogo kuliko zote na kuigawa kwa 1,000. Butili asetati yenye 18 kwa samaki, kama dafnia na mwani hawakuonyesha udhaifu zaidi, hupewa kikomo cha maikrogramu 18 katika lita. Elfu hiyo ni ya kufidia tofauti kati ya spishi, kati ya siku nne na maisha mazima, kati ya maabara na mto. Ni kiasi kikubwa, na katika mto wa kawaida huenda kinatosha na kubaki. Haikuwekwa kwa ajili ya mto ambao tayari umebeba mzigo wa karibu karne moja.

Sheria ya Kongo haikukaa kimya. Kanuni za madini za mwaka 2002, zilizorekebishwa 2018, zinataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya uchimbaji, na sheria ya mazingira ya mwaka 2011 inaweka misingi kwa nchi nzima. Shida ni kwamba karatasi ya tathmini inaweza kunakili namba za Duluth kwa uaminifu mkubwa na bado isiseme chochote kuhusu tilapia wa Tshangalele. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, bwawa la mabaki ya shaba lilipasuka karibu na Chambishi tarehe 18 Februari 2025. Maji ya asidi yakaingia mto Mwambashi na kufika mto Kafue, samaki wakaelea, na Kitwe ikafungiwa maji. Siku kama ile hakuna anayehitaji mtaalamu wa esta. Mtaalamu anahitajika miaka yote mingine, ambapo samaki hawaelei bali wanapungua.

Kuna njia isiyodai kujua kila kemikali kwa jina: kuyajaribu maji taka yenyewe, jinsi yalivyo, pamoja na esta zake, shaba yake na chokaa yake. Yachukuliwe mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa tisa, mto ukiwa mwembamba. Yachukuliwe tena mvua za kwanza zinapozoa kilichokauka kwenye kingo. Yazimuliwe kwa viwango vitano, na chombo cha sita kiwe na maji yasiyoguswa. Utaratibu wa kimataifa unadai samaki saba kwa kila chombo kama kiwango cha chini, yaani 42 kwa jaribio moja. Wawe vifaranga vya tilapia waliozalishwa bwawani, wasiwe wageni wa Minnesota. Jaribio lifanywe mara mbili sambamba, moja likizimuliwa kwa maji ya Lufira kabla hayajakutana na mito ya Likasi, jingine kwa maji laini yaliyotengenezwa kufanana na ya ziwa Superior. Majibu yakilingana, karatasi zilizokuja na mapipa zinaaminika zaidi ya ninavyodhani, nami nitafuta nusu ya sura hii. Yakitofautiana, kila kikomo kilichokokotolewa kutoka kwenye karatasi hizo kitabidi kihesabiwe upya, kuanzia na dawa zile zinazoshika metali.